Kabla Hujalipa, Iwashe: Historia ya Redio, Luninga na Sabufa Uswahilini

Agosti 1979, Peter Tino alipofunga bao mjini Ndola na kuipeleka Taifa Stars kwenye fainali za Mataifa ya Afrika, hakuna mtu wa Temeke aliyeliona bao hilo akiwa sebuleni kwake. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni, wala haikuwa na mpango wa kuwa nacho karibuni. Machi 1980, timu ilipofungwa na Nigeria 3–1, ikafungwa na Misri 2–1, kisha ikatoka sare ya 1–1 na Ivory Coast, habari zilifika Chang'ombe na Kinondoni kwa redio na magazeti. Ilipita miaka 39 kabla Stars haijarudi kwenye fainali hizo. Mwaka 2019, vijana ambao wazazi wao walikuwa wadogo enzi za Tino walitazama Senegal, Kenya na Algeria zikiifunga timu yao kwenye luninga bapa, sauti ikitoka kwenye sabufa iliyowekwa sakafuni.

Kati ya fainali hizo mbili kuna historia ambayo haijapata kitabu chake: jinsi watu wa kipato kidogo wa pembezoni mwa Dar es Salaam walivyojifunza kupima na kulinganisha vifaa vya umeme. Hawakuwa na majarida ya kuwaambia kipi bora. Walikuwa na masikio yao, fundi wa mtaani, na umeme usiotabirika. Vitatu hivyo viliwafundisha mengi.

Enzi ya bendi na betri

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Mwaka 1956 likaja Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Nyumba nyingi za Magomeni, Kinondoni na Temeke, maeneo yaliyopimwa na kujengwa kwa ajili ya Waafrika katika miaka ya mwisho ya ukoloni, hazikuwa na umeme. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi wa redio lilihusu betri.

Swali hilo lilikwisha kuulizwa mahali pengine. Mwaka 1949, kampuni ya Ever Ready ya Uingereza ilitengeneza redio ya betri kavu kwa ajili ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, ikauzwa kwa pauni 5. Ilikuwa ya duara kama sufuria, na ilithibitisha kwamba mtu asiye na umeme naye ni mteja. Baada ya uhuru, Tanzania ilikwenda hatua moja mbele kwa kutengeneza redio yenyewe. Kampuni ya Matsushita ya Japani ilianzisha kiwanda Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kando ya Barabara ya Pugu ambayo leo inaitwa Barabara ya Nyerere, kikitoa redio na betri za National. Philips nayo ilikuwa na kiwanda Arusha.

Hapo ndipo ulinganishaji ulipoanza hasa. Redio ililinganishwa kwa bendi. RTD ilipatikana kwa masafa ya kati bila shida, lakini mwenye masafa mafupi aliweza kuisikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, na Sauti ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1963. Masafa mafupi huyumba usiku, kwa hiyo redio nzuri ilikuwa ile ambayo stesheni yake haikuhama baada ya dakika kumi. Jambo la pili lilikuwa ulaji wa betri. Watu walizoea kuanika betri juani ili zipate nguvu ya siku moja au mbili zaidi, na redio iliyoendelea kuzungumza kwa betri zilizochoka ilipata sifa mtaa mzima. Wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, vikundi vya kusikiliza viliposhirikisha watu wazima wapatao milioni mbili nchi nzima, redio yenye sauti ya kufikia uani ilikuwa na thamani kuliko redio ndogo ya mfukoni.

Milango miwili: 1974 na 1984

Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kufikia 1974 nchi ilikuwa na kompyuta saba tu. Jaribio la kuendesha hesabu za serikali kwa mashine lilikuwa limeleta vurugu na hasara, na mwaka huo serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Luninga nazo zikawekwa katika marufuku hiyo. Hoja ya serikali ilieleweka: fedha za kigeni zilikuwa chache, na siasa ya Ujamaa haikuona sababu ya kuzitumia kwa kitu ambacho wangekifaidi wachache wa mjini.

Ng'ambo ya bahari mambo yalikuwa tofauti. Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara. Waliobahatika kuwa na seti Dar es Salaam walisimamisha antena ndefu juu ya paa kuivizia Televisheni Zanzibar, TVZ, na picha ilikuja ikiwa na chenga, ikipotea na kurudi. Wengine wote walikwenda sinema: Avalon, Empire, Empress, au Drive-In ya Msasani iliyofunguliwa mwaka 1966, pale ambapo leo upo Ubalozi wa Marekani.

Mwaka 1983 serikali, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, iliendesha msako dhidi ya waliotuhumiwa kuhujumu uchumi, na mtu mwenye kifaa kisichokuwa na risiti alikuwa na sababu ya kukificha. Mwaka uliofuata mlango ukafunguliwa: bajeti ya 1984/85 iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Ali Hassan Mwinyi alipoingia Ikulu mwaka 1985, mlango ukapanuka zaidi, naye akaitwa Mzee Ruksa. Redio za kaseti mbili, deki za video na luninga za rangi zikaanza kushuka bandarini, nyingi zikitoka Dubai, nyingine zikiletwa na mabaharia na watu waliorejea kutoka masomoni.

Wanunuzi wa miaka hiyo walijifunza somo gumu kwa haraka. Seti iliyotoka Japani ilitaka volti 100, na ikichomekwa kwenye umeme wetu wa volti 230 ilitoa moshi. Hata ikipewa transfoma, ilitumia mfumo wa rangi wa NTSC wakati huku tulitumia PAL, kwa hiyo picha ilikuja nyeusi na nyeupe. Ndiyo maana seti za Dubai zilizobandikwa karatasi ya kuorodhesha mifumo yote zilipendwa kuliko seti za jina kubwa zilizotengenezwa kwa soko la nchi moja. Kwa mara ya kwanza, mteja wa Kariakoo alisoma nyuma ya kifaa kabla ya kutazama mbele.

Chogo, deki na kibanda

Mwaka 1994, mwaka wa Kombe la Dunia lililochezwa Marekani, Tanzania Bara ikapata vituo vyake: ITV ya Reginald Mengi, CTN na DTV. Televisheni ya serikali, TVT, ilikuja baadaye, mwaka 2000. Sasa luninga ikawa na kazi, na biashara yake ikaenea kutoka Kariakoo hadi Manzese, Tandika na Mwenge.

Luninga ya wakati huo, ile tunayoiita chogo kwa sababu ya mgongo wake, ilipimwa jioni. Saa moja usiku kila nyumba inapowasha taa na jiko, umeme wa mtaa mzima hushuka. Seti dhaifu hapo picha yake ilisinyaa pembeni, au ilizimika kabisa. Seti za Kichina zilizoanza kuingia kwa wingi zilidharauliwa mwanzoni kwa plastiki yake nyepesi, lakini nyingi zilikuwa na mfumo wa umeme uliovumilia kutoka volti 110 hadi 240 bila kuhitaji stabilaiza. Wenye majina makubwa walishinda kwa rangi, Wachina wakashinda kwa uvumilivu. Mbagala, ambako nyumba zilikuwa mbali na transfoma ya TANESCO, uvumilivu ulikuwa na maana kuliko rangi.

Aliyekuwa na neno la mwisho ni fundi. Ndani ya chogo kuna flaibeki, kifaa kinachopandisha umeme hadi zaidi ya volti 20,000 ili picha iwake, na ndicho kilichokufa mara nyingi zaidi. Fundi aliyejua kwamba flaibeki ya aina fulani inapatikana Kariakoo na ya aina nyingine haipatikani alikuwa na elimu ambayo muuzaji hakuwa nayo. Mwenye busara alimuuliza fundi kwanza, kisha akaenda dukani.

Mahali pengine pa kupimia vifaa palikuwa kibanda cha video. Kibanda cha mabati chenye mabenchi, luninga moja na deki moja kilifanya kazi kutoka mchana hadi usiku, siku saba kwa wiki. Hakuna nyumba iliyotumia deki kwa kiasi hicho. Deki iliyokula mkanda mbele ya watazamaji waliolipa ilimletea mwenye kibanda matusi, na habari ilisambaa. Hedi ilisafishwa kwa spiriti, mpira wa kuzungusha mkanda ukabadilishwa, na baada ya miezi kadhaa kila mtu mtaani alijua deki ipi inahimili. Sauti nayo ilikuwa na uzito wake, kwa kuwa filamu nyingi zilitazamwa kwa tafsiri ya Kiswahili iliyozungumzwa juu ya picha. Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alijipatia sifa kubwa kwa kazi hiyo, kwanza mbele ya watu na baadaye kwenye kanda zilizorekodiwa. Spika iliyoshindwa kutenganisha sauti yake na milio ya risasi haikufaa kibandani.

Kompyuta za mtumba

Marufuku ya 1974 ililegezwa polepole katika miaka ya 1980, na katikati ya miaka ya 1990 intaneti ikafika. Lakini kompyuta iliyofika Sinza na Temeke haikuwa mpya. Ilikuwa mashine iliyostaafishwa na ofisi za Ulaya au Ghuba, ikaja kwenye kontena pamoja na monita yake yenye chogo.

Wenye stesheneri na vyumba vya intaneti ndio walioanza kulinganisha kompyuta kwa makini, kwa sababu LUKU iliwalazimisha. Mita hizo za kulipia kabla zilizoanza kuingia nyumbani katika miaka ya 1990 zilimwonyesha mtu uniti zikiyeyuka mbele ya macho yake. Pentium 4, iliyotoka mwaka 2000, ilisifika kwa mwendo, lakini prosesa zake nyingi zilitoa joto la wati 80 na zaidi. Core 2 Duo ya mwaka 2006 ilifanya kazi zaidi kwa wati 65 hivi. Katika chumba cha bati chenye mashine nane, tofauti hiyo ilionekana kwenye uniti na kwenye jasho. Kisha ukaja mgao mkali wa umeme wa mwaka 2006, mabwawa yalipokauka, na mwingine wa mwaka 2011. Laptopu ya mtumba yenye betri inayokaa saa mbili ikaipita kompyuta ya mezani yenye nguvu maradufu. Nyaya za intaneti za baharini zilizofika Dar es Salaam mwaka 2009 ziliongeza kasi, ila hazikubadili kanuni hiyo.

Kompyuta hizohizo ndizo zilizojaza nyimbo kwenye flashi na memori kadi za watu, na ndizo zilizozaa muziki. Huko nyuma, vijana wa muziki wa mchiriku kama Jagwa Music wa Mwananyamala walipiga kinanda kidogo cha Casio kupitia amplifaya za kuunga na spika za honi. Kizazi kilichofuata kilichukua kompyuta ya kawaida yenye programu ya kutengenezea midundo. Studio ya Sisso, Mburahati, ilitoa muziki wa singeli kwa vifaa vya namna hiyo, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikazisambaza duniani.

Sabufa na uongo wa wati

Mwishoni mwa miaka ya 2000 luninga bapa zikaanza kushuka bei. Zilikula umeme kidogo: ya LED ya inchi 32 hutumia kati ya wati 30 na 60, wakati chogo la inchi 21 lilikaribia wati 100. Lakini wembamba wake ulikuwa na gharama. Spika zake ndogo zinazoelekea nyuma au chini hazina nafasi ya kusukuma hewa, na sauti yake ni nyembamba. Mtu aliyezoea singeli hakuweza kuivumilia. Sabufa ikaingia hapo: boksi moja la besi, spika mbili au tatu ndogo, rimoti, redio ya FM, tundu la flashi, na baadaye Bluetooth. Majina kama Sea Piano na Aborder yakawa ya kawaida sebuleni, ingawa maduka makubwa ya Mlimani City hayakuyajua. Makabati ya Keko, yaliyochongwa na tundu refu la kuingiza chogo, yakabaki na shimo ambalo luninga bapa haikulihitaji.

Na hapo ndipo mnunuzi alipodanganywa kuliko wakati wowote. Boksi la sabufa huandikwa wati 5,000 au 8,000, na pembeni herufi PMPO. Kipimo hicho hakina kanuni inayokubalika popote. Kila kiwanda hujiandikia kinachotaka. Hesabu ni rahisi. Wati 8,000 kwa volti 230 zinahitaji takriban ampea 35, wakati soketi ya ukutani ni ya ampea 13, yaani wati 3,000 hivi. Kifaa kama hicho kingeunguza soketi kabla ya kupiga wimbo wa kwanza. Ukigeuza boksi na kusoma kibandiko cha nyuma utakuta wati 40, 60 au 80 za umeme unaoingia, na hakuna mashine inayotoa nguvu nyingi kuliko inayopokea.

Mafundi walilijua hilo kwa sababu walifungua. Ndani ya sabufa nyingi walikuta saketi ndogo ya TDA2030, iliyobuniwa miongo kadhaa iliyopita, ambayo hutoa wati 14 hivi kwa kila moja. Sabufa mbili, moja ya "5,000" na nyingine ya "8,000", zingeweza kuwa na saketi zilezile. Kilichozitofautisha ni uzito wa transfoma, ukubwa wa sumaku ya spika na unene wa mbao. Ndiyo maana mteja mjuzi wa Tandika huinyanyua sabufa kabla ya kuisikiliza. Ikiwa nyepesi, anairudisha.

King'amuzi na mpaka wa feki

Usiku wa Desemba 31, 2012, mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, mapema kuliko majirani zetu wengi. Asubuhi yake chogo lisilo na king'amuzi lilikuwa na theluji tupu. Ghafla, kuchagua luninga kukawa sehemu ndogo ya jambo kubwa zaidi: king'amuzi kipi kinashika Mbagala, kipi kinakatika Tegeta, kipi kina mpira. Azam TV ilipoanza kwa dishi mwishoni mwa 2013, ikiwa na Ligi Kuu, mashabiki wa Simba na Yanga walilinganisha ving'amuzi kwa swali hilo moja. Agosti 2018, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipozuia ving'amuzi vya kulipia vya dishi kuonyesha chaneli za bure, waliolipia waligundua kwamba kifaa walichonunua kinaweza kupungua thamani kwa agizo, bila kuharibika.

Serikali nayo ilikuwa ikijaribu kuzuia bidhaa bandia. Kuanzia Februari 2012, Shirika la Viwango, TBS, lilitaka bidhaa zikaguliwe huko zinakotoka kabla ya kupakiwa. Tume ya Ushindani ilikamata na kuteketeza bandia. Juni 16, 2016, TCRA ilizima simu feki. Lakini sabufa na luninga hazina namba ya kuzimiwa kutoka mbali, na jina lililobadilishwa herufi moja bado linapita. Mwaka 2021 zilitoka kanuni za taka za kielektroniki, kwa sababu machogo yaliyokufa, yenye risasi ndani ya vioo vyake, yalikuwa yakitupwa mitaroni.

Hukumu ya uswahilini

Ukipitia miaka hii yote, kanuni za uswahilini hazikubadilika sana. Betri ya 1973, volti za jioni za 1994, LUKU ya stesheneri na kibandiko cha nyuma ya sabufa vinauliza jambo moja: kifaa hiki kinakula nini, na kinatoa nini. Flaibeki ya zamani na skrini ya leo vinauliza la pili: kikifa, nani atakifufua, na kwa bei gani. Luninga bapa ndiyo iliyoharibu jibu la swali hilo, kwa kuwa kioo kikivunjika gharama yake hukaribia bei ya seti mpya, na fundi hubaki na mwili usio na roho. Kwa kipimo hicho, chogo lilikuwa kifaa bora kuliko tunavyolikumbuka, na sabufa nzito ya bei ya kati ni bora kuliko luninga nyembamba ya bei ileile.

Kwa hiyo, msomaji unayekwenda Kariakoo au Tandika mwisho wa mwezi: usiulize wati za kwenye boksi, soma za nyuma. Luninga ya inchi 32 iwe na sentimeta 81 kutoka pembe hadi pembe, na utepe wa fundi cherehani utakwambia ukweli. Chomeka flashi yako yenye wimbo unaoujua, ongeza sauti hadi mwisho, subiri dakika kumi, shika nyuma uone joto. Dai risiti na waranti iliyoandikwa. Na wale wenye dhamana ya viwango wangetusaidia kwa jambo moja dogo: walazimishe kila boksi la sabufa linaloingia bandarini liandikwe wati halisi kwa herufi kubwa, na PMPO ifutwe.